CHUPA YA UBELGIJI, PIPA LA BIBI: Krismasi ya Kinampanda Iliyomnyamazisha Dada wa Mjini

Kuna dada mmoja hapa Dar, jina linahifadhiwa, ila wengi wenu mnamfuata. Ni yule wa kuonja vitu. Akiingia mgahawa mpya Masaki, simu inatoka kabla ya kijiko. Akifumba macho, akatikisa kichwa na kusema "hapana jamani, hii hapana", ujue kesho yake hiyo sehemu imejaa.

Sasa mwaka juzi dada huyu alitoa klipu moja iliyotembea kinoma. Alikuwa ndani ya gari, kashika kikombe cha plastiki chenye pombe ya kienyeji ambayo rafiki zake walimnunulia kwa utani. Akanusa, akakunja uso, akasema: "Hii inanuka zizi la mbuzi." Akamwaga dirishani. Watu walicheka mpaka basi. Uso wake ukageuzwa stika ya WhatsApp, ukazunguka kwenye magrupu yote ya familia. Matangazo yakaanza kuingia. Yaani klipu ya chini ya dakika moja ndiyo iliyomtoa chumba cha Mbagala ikampeleka kwenye nyumba yenye geti.

Ambacho wafuasi hawakukijua ni hiki: bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu ana miaka minne, anapika pombe hiyo hiyo. Yuko Kinampanda, Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Kule wanaiita mtukuru. Ukishuka Kinampanda ukauliza nyumba ya mtukuru, mtoto wa darasa la pili anakupeleka mpaka mlangoni.

Na kuna mwingine ambaye hakujua. Mchumba wake.

Huyu jamaa naye jina linahifadhiwa. Ni kijana wa Moshi aliyekulia Sinza, kazi zake ni za kompyuta, mpole, hana skendo. Walipoanza kupendana alimuuliza dada kuhusu kwao. Dada akasema kalelewa na bibi, mwalimu mstaafu. Kinampanda inajulikana kwa chuo chake cha ualimu, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri kabisa, haukuhitaji hata kushikiliwa. Jamaa akawaambia wazazi wake. Wazazi wakafurahi. Mjukuu wa mwalimu, nani atakataa?

Miaka miwili ikapita hivyo.

Jamaa ana ugonjwa mmoja tu: bia za ajabu. Siyo hizi za kreti. Yeye anataka zile ambazo ukimwambia mtu bei anakaa chini. Novemba iliyopita rafiki yake aliyetoka Ubelgiji alimletea chupa ya mililita 750, ina kizibo cha gome na waya juu kama shampeni. Toleo la Krismasi. Bia chachu, imetengenezwa na matunda ya cheri, imelala kwenye pipa la mti wa mwaloni ambalo kabla ya hapo lilikuwa la mvinyo.

Kwa wasiojua hizi bia, stori yake ni tamu. Kule Ubelgiji, maeneo ya Brussels kwenye bonde la mto Senne, kuna watengenezaji ambao hawatii hamira. Wanachemsha maji ya shayiri na ngano, halafu wanayamwaga kwenye beseni kubwa la chuma, pana na fupi, na kuyaacha wazi usiku kucha yapoe. Hamira za porini zilizomo hewani zinaingia zenyewe. Kazi hii inafanyika miezi ya baridi, maana joto likizidi wanaingia wadudu wasiotakiwa. Asubuhi maji yale yanahamishiwa kwenye mapipa ya mbao, na humo yanakaa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Ikitakiwa ya matunda, cheri zinatiwa pipani na kuachwa miezi kadhaa. Wanaiita kriek, jina la hizo cheri kali kwa lugha ya Wafleming.

Ule uchachu unatokana na bakteria walewale jamii ya wanaogandisha maziwa ya mtindi. Na kuna hamira nyingine ya pole pole, inaitwa Brettanomyces. Mwaka 1904 mtaalamu mmoja wa kiwanda cha Carlsberg kule Denmark, Claussen, ndiye aliyeitangaza na kuipa jina hilo, maana yake fangasi wa Uingereza, kwa kuwa aliikuta kwenye bia za Waingereza. Hamira hii inajificha kwenye vitundu vya mbao. Ukiosha pipa, bado imo. Na harufu yake, wataalamu wenyewe wanaielezea hivi: blanketi la farasi, ghala la nyasi, zizi.

Ndiyo, zizi.

Jamaa aliyajua yote haya kwa kichwa. Dada aliyajua nusu, lakini alishawahi kuonja bia ya aina hiyo laivu, akaisifia kwamba "ina harufu fulani ya shamba, ya kishua". Hakuna mfuasi aliyekumbuka zizi la mbuzi. Na yeye hakujikumbusha.

Desemba ikafika. Mnajua wenyewe watu wa Moshi na Desemba, mwezi huo Dar inapumua. Lakini mwaka huu jamaa akasema haendi Moshi, anataka kwenda Kinampanda kumwona bibi, azungumze na mjomba wa dada, halafu barua ya posa ifuate. Kwa Wanyiramba mjomba ana uzito wake, huwezi kumruka. Na ile chupa ya Ubelgiji itafunguliwa huko siku ya Krismasi, na bibi mwalimu.

Dada alijaribu kila njia. Barabara mbovu. Mvua. Netiweki hakuna. Jamaa akacheka tu.

Wangeweza kupanda treni ya SGR mpaka Dodoma, lakini jamaa alitaka wakwe waone gari. Tarehe 23 alfajiri wakaondoka. Mchana Dodoma, jioni Singida mjini. Pale Singida, jamaa akiwa anajaza mafuta, dada akasogea pembeni akampigia mjomba.

"Mjomba shikamoo. Naomba yale mapipa uyafunike. Na mwambie bibi asianike kimea."

"Marahaba. Nimwambie kwa sababu gani?"

"Mwambie mgeni ana mafua ya vumbi."

Mjomba akakaa kimya kidogo. "Kimea hakisubiri mgeni, mama. Kikiota kimeota." Akakata simu.

Wakaiacha barabara ya Mwanza pale Misigiri, wakashika ya Kiomboi. Giza lilikuwa limeingia. Dada akashusha kioo na harufu ikamfikia kabla hawajaiona nyumba. Kama umekulia kwenye nyumba ya pombe unaijua harufu hiyo. Mtama uliolowekwa, ukachipua, ukakauka juani. Kuna utamu ndani yake, halafu kuna kitu kama mkate uliosahaulika. Akapandisha kioo.

"Kuna nini kinanukia hivi?" jamaa akauliza. "Kizuri."

"Mashamba tu," dada akajibu.

Bibi aliwapokea na kanga mbili na kibatari, japo umeme upo. Jamaa akainama: "Shikamoo bibi." Bibi akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Marahaba. Karibu mume wangu. Nilidhani utakuwa mnene." Wote wakacheka, dada akacheka kuliko wote.

Mapipa yalikuwa yamefunikwa turubai, kweli. Lakini turubai lenyewe lilikuwa la bluu, kubwa, katikati ya uwanja. Ilikuwa kama mtu kaficha lori.

Tarehe 24 ikapita salama. Jamaa alikula kuku wa kienyeji mpaka akalala mkekani. Akiuliza habari za turubai, anaambiwa vitunguu. Dada alikuwa mlinzi. Kila bibi akianza sentensi, yeye anaimalizia. Bibi akikaa na mgeni, yeye yuko katikati. Mpaka usiku mgongo ulimuuma kama kalima.

Krismasi baada ya ibada, watu wakajaa uwanjani. Mjomba, mke wa mjomba, watoto sita, majirani wawili waliokuja kusalimia na hawakuondoka. Chupa ilikuwa imeshinda kwenye ndoo ya maji ya kisimani. Jamaa akaitoa kwa heshima zote, akafungua waya, kizibo kikaruka na kugonga bati. Watoto wakapiga kelele. Dada kashika simu, anarekodi. Alikuwa amewaahidi wafuasi "Krismasi ya kijijini", na hiki ndicho kipande alichokuwa anakisubiri.

Bia ikamiminwa kwenye glasi za chai. Rangi nyekundu iliyoiva, kama juisi ya rozela. Povu la pinki likapanda na kushuka haraka. Mjomba ndiye wa kwanza. Akapiga funda, shavu likaingia ndani, jicho moja likafunga.

"Hii imechacha."

"Ndivyo ilivyo, mjomba," jamaa akasema. "Ni chachu makusudi."

"Makusudi?" Mjomba akaangalia chupa. "Shilingi ngapi?"

Jamaa akataja. Mjomba akairudisha glasi mezani taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Majirani wakaonja. Mmoja akasema ni dawa ya kifua. Mwingine akasema siki ya zabibu, ila akaomba tena.

Ndipo bibi akanyoosha mkono.

Watu wakashangaa kidogo, kwa sababu bibi hanywi. Alipobatizwa ukubwani aliacha kunywa, hakuacha kupika. Lakini kuna kitu anakifanya miaka yote: anachovya, anazungusha mdomoni, anatema. Ndivyo anavyojua kama pipa limefika. Akachukua glasi, akanusa kwa muda mrefu. Akavuta funda dogo. Akalizungusha. Akageuka pembeni akatema chini, akajifuta kwa kanga.

"Hii haikutiwa hamira ya dukani," akasema.

Jamaa akasogeza kiti.

"Tunda walilitia baadaye, pombe ikiwa imeshakuwa pombe. Lingetiwa mwanzoni utamu wake usingebaki puani. Halafu imelala kwenye mti. Kuna mti humu ndani." Akaonja tena, akatema tena. "Na ina zizi kidogo."

Akasema hilo la zizi akiangalia glasi. Hakumwangalia mtu. Lakini simu ya dada ilishuka yenyewe.

Jamaa alikuwa kama kaona malaika. Watu aliokuwa anabishana nao mtandaoni miezi na miezi walikuwa hawajawahi kumwambia yote hayo kwa mafunda mawili. "Bibi," akasema, "samahani, chuoni ulikuwa unafundisha somo gani? Sayansi?"

Kimya.

Mtoto wa mwisho wa mjomba, miaka saba, akacheka kwa sauti. "Bibi hajui kusoma!"

Mke wa mjomba akamfinya mtoto, lakini ilikuwa too late, maji yameshamwagika. Dada alihisi masikio yanapiga. Akamwangalia bibi, akitegemea atasema chochote kile. Bibi akaweka glasi chini.

"Shuleni mimi nilikuwa naenda kulipa ada tu, mume wangu," akasema. Halafu akanyanyuka, akaenda kwenye lile turubai la bluu, akalivuta. Mapipa matatu. Kata inaelea juu ya la mwisho. "Hivi ndivyo vitunguu vyangu. Leta glasi yako."

Jamaa akaenda. Alipokunywa funda la kwanza, hakusema kitu. Funda la pili akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa nzito, kahawia, ina chenga za mtama, halafu nyuma yake kuna ule ukali ukali wa pembeni ya ulimi ambao alikuwa anaulipia kwa pesa ya kigeni. Akarudi mezani akachukua glasi ya Ubelgiji. Akanywa hii, akanywa ile.

"Ni ndugu," akasema polepole. Halafu: "Mama anapika mbege."

Kwa wasioijua mbege, ni ndizi zilizopikwa muda mrefu zikaachwa zichache, zikachanganywa na kimea cha ulezi na ukali wa gome la msesewe. Matunda, nafaka, uchachu. Jamaa huyu tangu amemaliza chuo alikuwa anamkatalia mama yake kata ya mbege kwa kisingizio cha kiungulia. Huku anaagiza cheri za Ubelgiji.

Lakini aibu yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake. Usiku ule hakumfokea dada. Alimwambia tu: "Miaka miwili. Nimewaambia mpaka wazee." Akaenda kulala kwa mjomba.

Wengi mkisikia stori hii mtasema dada ni mshamba aliyejifanya wa mjini. Polepole. Huu uongo una historia ndefu kuliko yeye. Kiwanda cha bia cha Kenya kilianza 1922, cha kwetu Dar kikaja 1933. Kabla ya hapo, pombe ya huku kwetu ilikuwa chachu. Ya mtama, ya ndizi, ya asali, ya mnazi, zote zina uchachu wake. Bia nyepesi, ya dhahabu, isiyo na chenga ndiyo ilikuja kuwa ya mstaarabu, na ile nyingine ikabaki ya kilabuni, ya mafukara. Hata Chibuku ya kiwandani, ile ya boksi ambayo lazima uitikise kwanza, mtu anainywa huku anaangalia kama kuna anayemjua. Dada hakuitunga hiyo dharau. Aliikuta. Ila yeye aliiuza.

Saa nne usiku alimkuta bibi nje, anachochea kuni chini ya sufuria. Alikaa. Hawakusema kitu mpaka kuni moja ikaisha.

"Ile ya kwenye simu niliiona," bibi akasema. "Watoto walinionyesha. Ile ya gari."

Dada akaanza kulia.

"Ulisema inanuka. Siyo uongo, inanuka." Bibi akasukuma kuni. "Ila ukiwa shule hukuwahi kuniambia inanuka."

Hapo kuna mahesabu ambayo dada aliyajua na hakutaka kuyapiga. Pipa la Jumamosi lilikuwa madaftari. Mapipa ya mwezi wa kwanza yalikuwa ada na godoro la bweni. Alikuwa anaenda shule na sare inayonukia kimea, wenzake wanamwita jina ambalo halitaandikwa hapa. Ndipo alipoapa kwamba siku moja hakuna atakayejua.

Alimweleza bibi hilo jina kwa mara ya kwanza. Bibi akasikiliza. Halafu akasema kitu ambacho dada hakukitegemea.

"Unakumbuka zile fomu za shule? Kazi ya mlezi?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa namwambia mjomba wako aandike mkulima. Miaka yote. Siku ya kikao cha wazazi nilikuwa naoga mara mbili." Akacheka kidogo, siyo kicheko cha furaha. "Kwa hiyo huo uongo usidhani umeanza wewe."

Dada akafuta macho. Kichwa cha mtu wa mitandao nacho hakilali. Akasema: "Bibi, nitalisafisha. Kesho tunarekodi mimi na wewe. Unawaonyesha mapipa, naomba msamaha mbele ya watu wote. Watakupenda. Nakuhakikishia itatembea."

"Hapana."

"Bibi, itakusaidia hata biashara..."

"Hapana. Ulinitukana kwa watu bila kuniuliza. Sasa unataka kunisifu kwa watu, na hilo nalo nimeulizwa nikasema hapana. Usinitie kwenye simu yako."

Hilo ndilo lililomkata zaidi kuliko kuumbuliwa mchana. Kwa sababu kama kuna kitu anakijua, ni kugeuza jambo liwe posti. Machozi yake, ugomvi wake, kila kitu kina thamani kikiwekwa vizuri na muziki chini. Msamaha huu ulikuwa hauna pa kuwekwa. Ilibidi auombe pale pale, mbele ya kuni na mtu mmoja. Akaupiga magoti. Bibi akamwambia ainuke, atachafua gauni.

Baadaye bibi aliuliza kuhusu ile chupa. Dada akamweleza alivyokuwa anasikia kwa mchumba wake: mapipa ya mbao, hamira inayojificha kwenye vitundu, kukaa miaka miwili. Bibi alielewa haraka. Yeye ana kibuyu cha chachu ambacho hakijawahi kuguswa na sabuni, kwa sababu hiyo hiyo. Kikioshwa kwa sabuni, pombe inayofuata inakosa akili. Ila kwenye hiyo miaka miwili alisimama.

"Miaka miwili? Mtu anapika, halafu anaiangalia miaka miwili?"

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana bei iko juu."

"Sisi yetu haimalizi wiki." Akafikiria. "Wana subira kwa sababu wana hela. Mimi ningeiacha ilale miaka miwili, wewe ungesoma lini?"

Tarehe 26 dada alifuta ile klipu. Hakuandika chochote. Kwenye ukurasa wake, Krismasi ya kijijini ilibaki picha moja ya kuku kwenye sinia. Wafuasi wakaanza kuuliza: kulikoni, umeachwa? Mbona kimya? Wengine wakairudisha ile klipu kutoka kwenye simu zao, maana kitu kikishatoka mtandaoni hakirudi nyumbani. Bado ipo. Stika bado zinatumwa.

Siku ya kuondoka, jamaa alienda kumuaga bibi. Bibi akamwuliza ile chupa iko wapi. Ilikuwa imebaki kama vidole viwili chini, pamoja na yale machicha yanayotuama. Jamaa alitaka kuitupa. Bibi akaikamata.

"Hapa chini kuna uhai?"

Jamaa akasema ndiyo, hizi bia hamira yake inabaki hai humo chupani. Kuna watu wanazifuga kwa kutumia hayo machicha.

"Basi niachie."

Njiani hawakuongea mpaka Manyoni. Pale waliposimama kununua asali ndipo jamaa akauliza swali moja: "Kuna kingine?" Dada akafikiria vizuri kabla ya kujibu. "Hakuna. Nilikuwa na hicho tu." Jamaa akalipa asali. Mwaka mpya akapandisha Moshi peke yake, na inasemekana alikaa chini ya mgomba akaomba kata ya mbege, mama yake akauliza kama anaumwa. Wazee wameambiwa ukweli. Posa bado. Haijavunjika, ila bado.

Mwisho wa Januari mjomba alipiga simu. Bibi alipika uji mwembamba wa mtama, ukapoa, akaumimina kwenye kibuyu kidogo na yale machicha ya Ubelgiji. Akatia na maembe mawili ya msimu. Kimewekwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Watoto wamekatazwa hata kukisogelea. Wiki ya kwanza kilitoa povu mpaka sakafuni, wiki ya pili kikanuna. Mjomba alishauri kimwagwe, kinachukua nafasi bure.

Bibi alikataa. Siku hizi dada anatuma hela ya matumizi kila mwezi, na pipa la Jumamosi linatosha.

"Hiki hakina ada ya mtu ndani yake," alimwambia mjomba. "Kiache kikae mpaka Pasaka. Na mimi nione."

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe kwenu kazi ya mlezi iliandikwa nini kwenye fomu, na ukweli ulikuwa upi? Na huyu jamaa, apeleke posa au asubiri kibuyu kifunguliwe? Dondosha komenti hapo chini. Matusi hapana, na walio chini ya miaka 18 pombe siyo yenu.